Mwambie Mkunga Kabla Uchungu Haujaanza

Hotuba hii ilitolewa Ngamiani, Tanga, kwenye mkutano wa akina mama, makungwi na wakunga. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya wale ambao hawakujaaliwa kufika.

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bibi zangu, shikamooni. Mama zangu na dada zangu, habari za mchana. Na nyinyi akina baba mliojibanza pale mlangoni, sogeeni mbele, nafasi zipo. Maneno mengi ya leo ni yenu.

Nimeitwa nizungumze juu ya malengelenge ya sehemu za siri kwa mama mjamzito. Nimeyataja tu, vichwa vimeinama. Ndiyo maana nimekuja. Miaka yote niliyofanya kazi ya ukunga sijaona maradhi yanayofichwa kama haya. Mama mwenye virusi vya Ukimwi atakueleza, na dawa zake atazitoa kwenye pochi akuonyeshe. Mwenye kaswende atakueleza. Mwenye malengelenge atakwambia anaumwa kichwa. Sasa nyinyi makungwi, nyinyi mnaowafunda wari, mnawafundisha nini? Mficha uchi...

(Ukumbi: Hazai!)

Mficha uchi?

(Ukumbi: Hazai!)

Mnaujua msemo kuliko mimi. Basi leo tuufanyie kazi.

Maradhi haya yanaletwa na virusi vinavyoitwa herpesi, na viko vya aina mbili. Aina ya kwanza ndiyo ile ya vipele vya maji mdomoni, ambavyo mtu akiamka navyo anasema, "Usiku nilikuwa na homa." Aina ya pili makazi yake hasa ni sehemu za siri. Lakini hata ile ya mdomoni hufika huko chini kwa mdomo wa mtu. Watu wazima mmenielewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na aina ya pili walikuwa kama milioni 520 duniani. Wengi wao hawajijui. Hawajawahi kuona hata kipele kimoja, au walikiona wakadhani ni fangasi, au ni wembe umewachuna. Kwa hiyo asitoke mtu hapa akaenda kumnyooshea jirani yake kidole. Wala msichanganye na mkanda wa jeshi. Mkanda wa jeshi unatokana na virusi vya tetekuwanga. Ni ukoo mmoja na hivi, lakini ni maradhi mengine.

Virusi hivi vikiingia mwilini havitoki tena. Hukaa kwenye mishipa ya fahamu, huku chini ya mgongo, vimetulia tuli kama kaa wa Raskazone shimoni mwake. Mwili ukichoka, ukiugua, au ukibeba mimba, huchungulia nje. Vinatoka vipele, vinapasuka, vinakuwa vidonda, vinakauka, basi. Baada ya muda, tena.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kwenye kiini cha nilichokuja kusema. Mbele ya malengelenge, wajawazito si wamoja. Kuna mama wa aina mbili, na sisi tumezoea kumwogopea asiye wa kuogopewa.

Dada mmoja alikuja kliniki na mimba yake ya tatu, miezi mitano. Kila nikimuuliza neno, anajibu akitazama ukuta. Nikaomba wengine watupishe, nikafunga mlango. Akalia. Alikuwa na malengelenge tangu usichana wake, yanamrudia mara moja, mara mbili kwa mwaka. Mimba mbili za kwanza hakujua anaumwa nini. Mimba hii ameshajua, na mtu mmoja amemwambia mtoto atazaliwa kipofu. Usingizi haupati. Asubuhi anajiosha kwa shabu, jioni kwa ndimu, mpaka ngozi imebabuka, ikawa vidonda vya ndimu ni vingi kuliko vya ugonjwa wenyewe. Nikamuuliza, "Wanao wawili wazima?" Akasema wazima. "Wanaona?" Akasema wanaona, tena mkubwa yuko madrasa, anasoma vizuri. Nikamwambia: mwanangu, mwili wako umekwisha yajua maradhi haya zamani. Umetengeneza kinga, na kinga hiyo unampitishia mtoto kwenye kondo la nyuma kabla hajazaliwa. Watoto wako wawili walizaliwa na kinga hiyo.

Mama wa namna hii, hata vipele vikimrudia siku ya kujifungua na akazaa kwa njia ya kawaida, watoto watakaoambukizwa hawafiki 3 katika kila 100. Asipokuwa na kidonda siku hiyo, hatari inakuwa ndogo zaidi. Ndogo sana. Huyo ndiye mama aliyekuwa hapati usingizi.

Mama wa pili ni yupi? Ni yule ambaye hajawahi kuyapata, kisha akaambukizwa mimba ikiwa kubwa, miezi mitatu ya mwisho, na hasa wiki 6 za mwisho. Mwili wake ndiyo kwanza unakutana na adui. Kinga inahitaji wiki 6 hadi 12 ikamilike, na mtoto hasubiri. Anapita njiani mle mle kwenye virusi, na mama yake hajampa kitu cha kujikingia. Hapo hatari hufika watoto 40 katika kila 100.

Mmesikia? Chini ya 3, na 40. Anayeona aibu kuliko wote ndiye ambaye mtoto wake amelindwa. Asiye na wasiwasi wowote ndiye wa kulindwa. Na huyo asiye na wasiwasi atalindwa na nani?

(Ukumbi: Na mumewe!)

Na mumewe. Akina baba, mmesikia jina lenu?

Kulikuwa na kijana mmoja mvuvi, mkewe na mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Binti alianza homa, tezi za kinena zikavimba, mkojo ukawa unamchoma mpaka akaacha kunywa maji ili asikojoe. Mama mkwe akasema ni joto la mimba. Zahanati moja wakampa dawa ya yutiai bila kumwangalia. Aliponifikia hawezi kukaa kitako. Nikamlaza, nikamulika tochi, nikaviona vipele vimejipanga, vingine vimeshapasuka. Nikauliza, "Mumeo yuko wapi?" Yuko nje, kwenye bodaboda. Nikamwita ndani.

Nikamuuliza mbele ya mkewe, kwa upole, maana mtu ukimfokea anafunga mdomo. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi hunitoka hivyo vipele tangu niko Dar es Salaam, kabla sijamuoa. Nilidhani ni vya kawaida."

Kwa maneno hayo machache daktari alijua pa kuanzia. Alijua uwezekano mkubwa ni kwamba binti ameyapata sasa hivi, na kwamba ni yule mama wa pili. Akaanzishiwa dawa siku ile ile, akapangiwa upasuaji, na mtoto akatoka analia kwa sauti ya kusikika ukumbini. Lakini baba zangu, maneno yale yangesemwa mapema kidogo, nyumbani, mlango umefungwa, binti yule asingechanwa tumbo.

Kwa hiyo baba, kama unajijua una vipele hivyo na mkeo hana, miezi mitatu ya mwisho mpumzishe. Mwache kabisa. Kondomu inapunguza hatari lakini haiiondoi, kwa sababu virusi vinatoka hata pale ambapo kondomu haifuniki, tena vinatoka hata siku ambazo huoni kipele. Ukiwa na vipele vya homa mdomoni, mdomo wako ukae mbali naye. Miezi mitatu si mingi kwa mtu anayetaka mtoto mzima.

Kuna jambo jingine hapa nataka nilikalie kidogo, maana nimeona ndoa zinavunjika kwa ajili yake. Mama akitokwa na malengelenge kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, watu hurukia kusema ametoka nje ya ndoa, au mumewe ametoka. Taratibu! Virusi vinaweza kulala mwilini miaka bila dalili, vikaja kujitokeza wakati wa mimba. Vipele vya mara ya kwanza kuonekana si lazima viwe vya maambukizi mapya. Vinaweza kuwa vya kabla hamjajuana. Daktari ana namna ya kuchunguza, na pale ambapo kipimo cha kinga kwenye damu kinapatikana, kinasaidia kutofautisha ya zamani na mapya. Wewe shangazi, wewe wifi, huna kipimo hicho. Usitoe hukumu. Ukitoa hukumu, binti atajifunika, na akijifunika hatutamwona mpaka siku ya uchungu.

Na yeyote mwenye kidonda huko chini apimwe kaswende na virusi vya Ukimwi, yeye na mumewe. Malengelenge huuma, ilhali kidonda cha kaswende mara nyingi hakiumi, lakini jicho peke yake halitoshi kuamua. Tena mwenye malengelenge akikutana na virusi vya Ukimwi huambukizwa kwa urahisi zaidi, kama mara 3 ya asiye nayo. Hili nimelipitia haraka kwa sababu kliniki mnalisikia kila siku.

Sasa dawa. Dawa ya kuyamaliza kabisa hakuna, wala chanjo haijapatikana. Anayewauzia chupa ya kumaliza herpesi siku 7 anakula fedha zenu. Lakini dawa ya kuyatuliza ipo, ni ya zamani, na inaaminika. Inaitwa asaiklovia. Mmoja wa waliosimamia kuigundua ni mwanamke, Gertrude Elion wa Marekani, na mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake kwa kazi yao ya kutafuta dawa. Asaiklovia inavizuia virusi visizaliane. Vipele vinakauka mapema, na virusi vinavyotoka vinapungua.

Najua swali lenu. "Haimdhuru mtoto?" Huko Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 800,000, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Kwa akina mama waliotumia dawa za jamii hii miezi mitatu ya kwanza ya mimba, watoto wenye kasoro kubwa za maumbile walikuwa kama 2.2 katika kila 100. Ambao hawakutumia, 2.4. Haikuongeza kitu. Nasema hivi kwa sababu nimeona mama anapewa dawa, anaitupa chooni, anarudi kwenye shabu.

Mama mwenye historia ya malengelenge, wa zamani au aliyeyapata katika mimba hii, kwa kawaida huanzishiwa asaiklovia wiki ya 36, miligramu 400 mara 3 kwa siku, mpaka ajifungue. Lengo ni afike siku ya uchungu hana kidonda. Si dawa ya kwenda kuinunua mwenyewe dukani kwa kuwa umesikia jina kwangu. Daktari au mkunga akuandikie, na iandikwe kwenye kadi yako ya kliniki, maana anayekupokea usiku wa uchungu huenda hajawahi kukuona.

Na maumivu je? Maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, osha nje tu, taratibu, jikaushe kwa kitambaa safi. Shabu acha. Ndimu acha. Mkojo ukichoma, chukua kopo la maji ya vuguvugu, jimiminie huku unakojoa, utaona tofauti hapo hapo. Kunywa maji mengi, mkojo upungue ukali. Parasetamo inafaa. Brufeni na diklofenaki mjamzito asizinywe kwa kujiandikia. Vaa khanga, acha nguo za kubana. Ukishindwa kukojoa kabisa, usingoje kupambazuke, nenda hospitali.

Tuje kwenye siku yenyewe. Wakunga wenzangu, hili ni letu. Mama anapoingia na uchungu, tumuulize faraghani, mama mkwe akiwa nje: umewahi kupata malengelenge? Leo unahisi kuchomachoma, kuwashwa, au maumivu yanayoshuka kwenye makalio na mapaja? Dalili hizo hutangulia vipele. Kisha tumulike tochi tuangalie vizuri, kabla ya kuingiza vidole. Asipokuwa na kidonda wala dalili, azae kwa njia ya kawaida, na chupa tusiharakishe kuipasua bila sababu. Akiwa na vidonda vya mara ya kwanza, upasuaji ndiyo njia. Yule wa zamani ambaye vipele vimemrudia siku hiyo, madaktari wa Marekani wanashauri upasuaji. Wa Uingereza wanaona hatari kwake ni ndogo, wanakaa naye waamue pamoja. Hapa kwetu daktari atakueleza, na una haki ya kumuuliza.

Na wewe mama, chupa ikipasuka usijilaze nyumbani ukasubiri uchungu ukolee. Kadiri muda unavyokwenda chupa ikiwa wazi, ndivyo virusi vinavyopata nafasi ya kupanda. Nyinyi mnaotoka mbali, Kigombe, Mwarongo, kule Moa, panapofanyika upasuaji si jirani yenu. Mimba ikikomaa, tafuta ndugu huku mjini ukae kwake. Fedha ya nauli iwekwe pembeni mapema, na namba ya mwenye bajaji iwe kwenye simu ya mume, ya mama na ya jirani.

Mtoto amezaliwa. Mnadhani tumemaliza? Bado arobaini.

Bibi zangu, naomba mnivumilie hapa. Kwetu mtoto akizaliwa watu wanakuja. Wanakuja na sabuni, na unga wa uji, na khanga, na kila anayeingia anambeba, anambusu mdomoni na mashavuni. Ni mapenzi, wala sitaki yapungue. Lakini yuko mtoto mmoja alibusiwa na jamaa mwenye vipele vya homa mdomoni. Mama yake hakuwa na ugonjwa wowote, alipimwa baadaye. Wiki ya pili mtoto akaanza kukataa ziwa. Analala tu, ukimwamsha anafumba tena. Siku iliyofuata mkono mmoja ukaanza kurukaruka. Nyumba ikasema degedege. Na degedege, mnajua tunavyosema, mtoto asipigwe sindano, sindano itamuua. Akafukizwa. Akafukizwa tena. Alipofikishwa hospitali virusi vilikuwa vimeshafika kwenye ubongo. Alitibiwa, akapona, akaishi. Lakini shingo ilichelewa kukaza, na kutembea kumemtaabisha mpaka leo.

Ni ugonjwa wa nadra, sitaki mtoke hapa na hofu ya kila busu. Makadirio ya dunia ni watoto kama 10 katika kila vizazi hai 100,000. Lakini unapoingia, ni mkali. Ukisambaa mwilini na mtoto asipate dawa, wanaokufa ni kama 85 katika kila 100. Wakipata dawa mapema wanapungua, wanakuwa kama 30. Dawa yenyewe ni ile ile asaiklovia, ila ya kupitisha kwenye mshipa, kila baada ya saa 8, kwa siku 14, na ikiwa umefika kwenye ubongo au umesambaa, siku 21. Kwa hiyo sindano ile tunayoiogopa ndiyo inayomwokoa.

Mtoto wa chini ya wiki 6 akikataa ziwa, akilegea, akipata homa au mwili ukawa wa baridi, akirukaruka viungo, akitoa vipele vya maji ngozini, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Msisubiri vipele, wengine hawavitoi kabisa. Na mama useme pale pale: mimi nina malengelenge, au, mtoto alibusiwa na mtu mwenye vipele. Daktari hawezi kuotea.

Kunyonyesha, nyonyesha. Maziwa hayana tatizo, hata ukiwa kwenye dawa. Ila kama kipele kimetoka kwenye ziwa, ziwa lile lipumzike mpaka kikauke, unyonyeshe jingine, na mikono uioshe kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto. Na mgeni mwenye kipele mdomoni apokewe, apewe chai, amtazame mtoto akiwa kwa mamake. Kumbusu aje siku kimekauka kabisa. Makungwi, mwambieni nyinyi, maana mzazi mchanga hawezi kumwambia shangazi yake.

Haya. Najua yako maswali ambayo hayawezi kuulizwa hapa mbele za watu. Nitakaa kwenye kile chumba cha pembeni mpaka adhana ya Magharibi, mmoja mmoja, na mlango utafungwa. Aliyefika wiki ya 36 aanze yeye, aje na kadi yake. Akina baba, mlango wenu ni huo huo.